Mzunguko wa Tatu

Kitu cha mwisho cha kawaida alichonifanyia mke wangu ni kunipangusia siagi kwenye suruali. Tulikuwa ndani ya gari, tukisubiri ukungu upungue. Steinunn alikuwa akila samaki mkavu kwa siagi, akimrarua kwa meno, miguu ameipandisha juu ya dashibodi. Alipomaliza alivitazama vidole vyake, akatafuta kitambaa, hakukiona, akavifuta kwenye paja langu.

"Steinunn!"

"Ilishachafuka zamani, Hallur. Na usinune. Ukinuna unafanana na baba yako."

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nane Septemba 1979, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Naiandika saa hiyo kwa sababu ni ya mwisho ninayoweza kuisimulia bila kuona haya.

Tulikuwa Strandir, pwani ya mbali kaskazini mwa Reykjavik, kwenye shamba lililohamwa miaka ishirini na tano kabla. Paa la nyumba lilikuwa limebonyea. Mbele ya nyumba, mteremkoni, kulikuwa na uwanja wa kokoto hadi kwenye kijito, na hapo ndipo kituo cha televisheni kilikuwa kikipiga filamu ya kutisha ya kuonyeshwa Ijumaa Kuu. Hadithi yake ilikuwa fupi. Kijakazi amezaa kwa siri, akamwacha mtoto mchanga nje kwenye baridi hadi akafa. Miaka saba baadaye, siku chache kabla ya harusi yake, mtoto anamrudia. Steinunn ndiye aliyekuwa kijakazi.

Mimi nilikuwa mhadhiri wa saikolojia. Mwongozaji, Ketill, alikuwa ameniomba nimwandikie maelezo kuhusu hatia na kuombolewa kwa mtoto. Hakutaka mazimwi ya plastiki. Alisema anataka kumwonyesha mtazamaji kichwa cha mama kikipasuka, polepole, sebuleni kwake, watoto wakiwa wamekwenda kulala. Nilimwandikia kurasa sita.

Inabidi niseme kilichokuwa kwenye ukurasa wa tano.

Februari 1972 Steinunn alizaa mtoto wa kiume. Aliishi saa thelathini na moja. Alikuwa na kilo mbili na gramu mia sita. Muuguzi alitoka akauliza kama tungependa kumshika kabla hajapelekwa. Steinunn alikuwa amelala kwa dawa, lakini macho yake yalikuwa wazi. Nilijibu kwa niaba yetu wawili. Nilisema hapana. Niliona ndiyo njia ya busara. Mtoto alikuwa bado hajabatizwa, kwa hiyo hakuwa na jina, na alizikwa kama walivyozikwa wengi wa aina yake wakati ule, miguuni mwa mwanamke mzee tusiyemjua, ndani ya jeneza la mwanamke huyo.

Tangu siku hiyo Steinunn hakulia. Alicheka, alipika, aliigiza, alinipangusia siagi. Hakulia hata mara moja kwa miaka saba, na mimi niliyesomea mambo hayo nilijua kwamba kilio kisichotoka humla mtu kutoka ndani. Nilitaka alie. Nilitaka mke wangu arudi kutoka mahali alipokuwa amejificha. Kwa hiyo nikamwandikia Ketill yote, pamoja na uzito, nikamwomba asimwambie Steinunn ni nani aliyemweleza.

Reli za kamera zilitandikwa na mzee Josteinn, seremala, mzaliwa wa ghuba ya jirani. Zilikuwa duara kamili, upana wa mita nane. Steinunn angesimama katikati akiwa amebeba mtoto wa nguo, na kigari cha kamera kingemzunguka mara tatu bila kusimama. Lenzi ilikuwa imeshushwa hadi usawa wa goti. Mtazamaji angeona anachokiona mtoto.

Tukiwa tunakunywa kahawa, Josteinn alinigeukia.

"Profesa, huko chuoni wanasemaje kuhusu mtoto aliyetupwa nje?"

"Wanasema ni hatia ya mama, iliyopewa miguu."

"Miguu hana. Ana goti moja na kiwiko kimoja. Vingine amevikunja kifuani kwa baridi. Akikuzunguka mara tatu, akili yako anaondoka nayo."

"Wewe mzee huna wasiwasi," alisema Bersi, mpiga picha. "Akuzunguke hata mara kumi. Ataondoka na njaa yake."

Watu walicheka. Steinunn alicheka kuliko wote, akamwagikiwa na kahawa.

"Cheka tu, binti yangu," Josteinn alisema. "Mimi reli nimetandika. Kuzungusha mara tatu hamjaniambia."

Katika mazoezi nilimwona akifanya jambo ambalo wengine hawakuliona. Kila alipokisukuma kigari mzunguko mmoja kwenda mbele, alikirudisha mzunguko mmoja kwenda nyuma, polepole, kama anayefungua uzi. Bersi alimuuliza sababu. Alisema anayapoza magurudumu.

Saa saba mchana ukungu ulikuwa umepungua kiasi cha kuona kijito. Ketill alimwendea Steinunn katikati ya duara. Alikuwa mwongozaji wa mtindo uliosifiwa siku zile. Aliamini mwigizaji haigizi vizuri mpaka aumizwe.

"Uso wako umelala," alimwambia.

"Basi nipe kahawa nyingine."

Akampiga kofi. Halikuwa kofi la kuigiza. Kichwa chake kiligeuka, na aliponyanyua uso mdomo wa chini ulikuwa umepasuka na damu ilikuwa ikishuka kwenye kidevu. Nilipiga hatua moja. Bersi akaniwekea mkono kifuani.

"Mwache, Profesa. Ndivyo anavyofanya. Ni sekunde tu."

Nikasimama. Steinunn aliniona nikisimama.

Kisha Ketill akampa mtoto. Ilikuwa blanketi la sufu lililoshonwa na kujazwa mchanga wa kijito. Steinunn alilipokea kwa mikono miwili, na mikono ikashuka kidogo kwa uzito. Akaganda. Akalipandisha, akalishusha, kama mwanamke anayepima unga.

"Nani kakwambia uzito huu?"

Ketill aligeuka. Alinitazama mimi. Hakukusudia, nadhani, lakini alinitazama.

Steinunn naye akanitazama. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta wageni wamekaa kitandani.

"Kamera!" Ketill alipiga kelele. "Sasa! Josteinn, sukuma!"

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Magurudumu yalilia kidogo kwenye maungio. Steinunn alikuwa akiyumba taratibu na lile blanketi, kama wanavyoyumba wanawake wote duniani wakibeba mtoto, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu.

Mzunguko wa pili, midomo ilinyamaza. Akainamisha sikio.

Ulipokamilika, Josteinn aliweka kabari ya chuma mbele ya gurudumu, akaondoka.

"Unafanya nini?" Ketill alifoka. "Kamera inakula filamu! Sukuma!"

"Sisukumi."

"Mzee, nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Wa tatu sisukumi. Yule anasikiliza kitu, humwoni?"

"Nani anasukuma? Mtu yeyote! Upesi!"

Sijawahi kuamini mambo ya wafu. Niliona chozi moja tu, kwenye jicho la kushoto la mke wangu, la kwanza katika miaka saba, likiwa bado halijadondoka. Nikafikiri: mzunguko mmoja zaidi. Mmoja tu, na litaanguka, na mengine yatafuata.

"Nitasukuma mimi," nikasema.

Nikaitoa kabari kwa mguu, nikashika mpini.

"Hallur," Steinunn alisema. Alinong'ona, lakini nilimsikia vizuri. "Usisukume."

Nikasukuma.

Robo ya kwanza kigari kilikuwa chepesi. Robo ya pili kilizidi uzito. Hakikukwama. Kilizidi uzito, kama mtu anapodandia baiskeli yako kwa nyuma. Bersi, aliyekaa nyuma ya lenzi, aligeuka kuona nani amepanda. Hakukuwa na mtu. Nikaegemea mpini kwa kifua. Robo ya tatu nilisikia sauti ya kitu kikipumua kwa tabu karibu na magoti yangu.

Nikaimaliza robo ya nne.

Lile chozi lilianguka. Steinunn akaliweka blanketi juu ya kokoto, kwa uangalifu mkubwa, akatia mkono chini ya mahali ambapo kichwa kingekuwa. Akasimama wima. Akamwendea Ketill.

Ketill alikuwa akitabasamu. "Vizuri sana, mama. Vizuri. Endelea."

Jiwe lilikuwa la ukubwa wa ngumi. Sikumwona akiliokota. Lilimpiga Ketill upande wa kushoto wa taya, na nilisikia mfupa ukivunjika, sauti fupi na kavu. Akaanguka kwa magoti. Akampiga tena. Meno mawili yakaruka. Akampiga tena, palepale, bila haraka, kama mtu anayepigilia msumari.

Bersi aliruka kutoka kwenye kigari akamshika kwa nyuma. Alikuwa mwanamume mrefu, mchezaji wa mpira wa mikono. Steinunn aligeuza shingo kwa namna ambayo shingo haigeuki, akamng'ata sikio. Bersi alipiga ukelele. Steinunn alipovuta kichwa, nusu ya sikio ilikuja nacho. Akaitema. Akamshika nywele, akakibamiza kichwa chake kwenye reli. Mara moja. Mara mbili. Bersi akalegea.

Watu wengine watatu, wa sauti, taa na mavazi, walikimbilia magari. Siwalaumu.

"Mwite!" Josteinn alinipigia kelele. "Mwite mtoto jina lake! Akiitwa jina anaondoka! Profesa! Anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo.

"Anaitwa nani, mwanangu? Sema!"

"Hana jina," nikasema.

Sitausahau uso wa mzee yule. Alijishika kichwa kama aliyepokea habari ya msiba wa nyumbani kwake.

Steinunn alikuwa ameshuka chini. Goti moja la kulia. Kiwiko kimoja cha kushoto. Mkono mwingine na mguu mwingine vilikuwa vimekunjwa, vimebanwa kifuani. Hakuna mtu mzima anayeweza kutambaa hivyo. Mwigizaji hawezi. Alitambaa, na alikuwa mwepesi, na kokoto hazikulia chini yake.

Akaanza kunizunguka.

Nilijaribu kuondoka. Kila nilipohama, duara lilihama nami. Josteinn aliruka mbele yake, akainyoosha mikono, na yeye akampitia kama ng'ombe anavyopitia uzio mbovu. Mkono wa mzee ulivunjika chini ya kiwiko. Mfupa ulitoboa shati. Mzunguko wa kwanza ukaisha.

"Steinunn," nikasema. "Ni mimi. Mpenzi. Ni mimi."

Nikaanza kusikia baridi. Siyo ya Septemba. Ilianzia miguuni ikipanda, na pamoja nayo vitu vyangu vilianza kuniondoka. Jina la mtaa wetu likaniondoka. Nikatafuta jina la mama yangu, sikulipata. Mzunguko wa pili ukaisha.

Nilijua ninachokipoteza, na ninaona aibu kuandika kwamba nilikithamini. Ilikuwa akili yangu. Sikuwa na kitu kingine ambacho watu walinisifia. Alianza mzunguko wa tatu, na nikainama, nikaiokota ile kabari ya chuma niliyokuwa nimeitoa mwenyewe.

Alipita mgongoni mwangu. Alikuwa akija upande wa kulia. Alibakiza hatua mbili.

Nikampiga utosini kwa nguvu zangu zote.

Chuma kiliingia. Akalala ubavu, na goti lililokunjwa likanyooka, na mkono uliokunjwa ukanyooka, akawa tena mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyelala juu ya kokoto. Nikamwinua kichwa. Damu ilikuwa moto kwenye vidole vyangu, nyingi, haikuzuilika. Macho yake yalikuwa yake. Alinitambua.

"Ungeniacha tu nimshike," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake yote. Saa yangu ilionyesha saa saba na dakika arobaini na moja.

Baadaye tulikaa ndani ya gari la vifaa, sisi wanne tuliobaki pale, tukiwangoja daktari na polisi. Ketill hakuweza kusema. Aliomba karatasi kwa ishara, akaandika neno moja, akatuonyesha kila mtu kwa zamu: ALITELEZA.

Bersi, kichwa kimefungwa shuka, aliitikia. "Reli zilikuwa zimelowa," alisema. "Aliteleza akaangukia kabari. Ketill na Josteinn waliumia wakimwokoa. Na mimi. Wale wengine nitaongea nao. Hawakuona mwisho."

"Filamu itaonyesha," nikasema. Kamera ilikuwa haijazimwa. Iliendelea kuzunguka mpaka filamu ikaisha yenyewe.

Bersi alinitazama kwa huruma. "Nimeufungua mkebe, Profesa. Nimeuanika mkanda mwangani. Hakuna kitakachoonekana."

Alidhani ananitendea wema. Nilimshukuru.

Asubuhi iliyofuata niliamka kwenye nyumba ya wageni, nikanyoa ndevu, nikavaa suruali ileile kwa kuwa sikuwa na nyingine, nikaenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Nilimweleza kwa mpangilio. Kofi. Uzito. Mizunguko. Kabari. Nilimwambia nilimpiga mke wangu utosini kwa mkono wa kulia.

Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mafua. Aliacha kuandika nilipofika kwenye goti na kiwiko.

"Hallur, ndugu yangu. Watu sita wameniambia aliteleza."

"Watatu hawakuwepo."

"Umefiwa. Hujalala. Mtu akifiwa hivyo hujitwika kila kitu, wewe mwenyewe si ndiye unayefundisha hayo?" Akapenga kamasi. "Nenda ukamuage mkeo. Ukirudi ukiwa bado unataka kuniambia hivyo, nitaandika. Lakini nakuomba usirudi."

Wilaya ile haikuwa na chumba cha maiti. Wakati huo wa mwaka chumba cha baridi kilikuwa kimoja tu, cha kichinjio cha ushirika, na uchinjaji ulikuwa umeshaanza. Walikuwa wamemtengea chumba kidogo cha mwisho, wakatoa kondoo wote, wakamwaga maji sakafuni. Nilipita katikati ya watu wenye aproni za mpira. Walizima mashine nilipopita. Nyuma ya ukuta kondoo walikuwa wakilia kwa zamu.

Daktari wa wilaya alikuwa amesimama mlangoni, kijana bado, begi mkononi. Alinipa mkono, akasita.

"Pole sana. Nina swali moja, nalazimika kuliandika. Mmeacha mtoto kwa nani?"

"Mtoto gani?"

"Mchanga. Nani anamtunza Reykjavik?"

"Hatuna mtoto."

Alinitazama kama anayesubiri nimalizie.

"Mkeo ana maziwa," alisema taratibu. "Jana jioni nilipompokea hakuwa nayo. Nilimchunguza kifua mwenyewe, nikitafuta mbavu zilizovunjika. Niliufunga mlango huu nikaondoka na ufunguo. Leo asubuhi shati lake limelowa." Akashusha sauti zaidi, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Na titi la kushoto limenyonywa. Limevilia damu kuzunguka chuchu. Alama ni ndogo. Haina meno."

Niliingia. Alikuwa amefunikwa hadi kidevuni. Walikuwa wamemwosha nywele na kuzichana upande, upande ambao yeye hakuwa akichania. Sikuifunua shuka zaidi ya inavyohitajika. Ilikuwa kama daktari alivyosema. Mkono wake wa kushoto, ambao lazima waliunyoosha kando ya mwili kama wanavyofanya, ulikuwa umekunjwa. Ulikuwa umekaa namna unavyokaa mkono wa mtu aliyelaliwa na kitu kwenye kiwiko.

Nilikaa naye kama robo saa. Sikulia. Nilimwambia mambo ambayo hayahusu mtu mwingine.

Nilipotoka, mlinzi wa kichinjio, mzee mwenye kofia ya sufu, alikuwa anangoja na ufunguo wake.

"Nifunge, bwana?"

"Usifunge."

"Baridi itatoka. Watanigombeza."

"Nitasema ni mimi."

"Na paka je? Hapa kuna paka, mzee wangu."

Nikavua koti langu, nikalikunja mara nne, nikalibana kati ya mlango na kizingiti, chini kabisa, nikapima uwazi kwa kiganja. Nikasogeza kidogo zaidi. Kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, nikaupa mlango mgongo, na kila mtu aliyetaka kupita nilimwomba azungukie upande wa pili.